Idadi ya Mimea Yetu Si Jambo la Kukisia

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, 2022, taifa letu lilijihesabu. Makarani walikwenda nyumba kwa nyumba, wakavuka mito, wakapanda milima, wakawafuata wafugaji mbugani na wavuvi visiwani, na mwisho wa kazi yao tukaambiwa ya kuwa nchi hii ina watu 61,741,120. Twaipenda hesabu hiyo hasa kwa sababu ya wale mia na ishirini walioko mwisho wake. Aliyewataja hao hakukisia, alihesabu. Na juu ya hesabu hiyo serikali hupanga shule, visima na zahanati, wala hapana kiongozi awezaye kusimama mbele ya wananchi akasema tu kwamba tu wengi.

Sasa na tuulize swali la pili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la watoto wa shule. Katika ardhi hii tuliyowahesabu watu wake mpaka wa mwisho, kuna aina ngapi za mimea inayotoa maua? Wanachama wengi watajibu kwamba hawajui, na huo ni uungwana. Lakini tumehudhuria mikutano na semina ambamo msemaji mmoja alitaja aina elfu kumi, wa pili elfu kumi na moja, wa tatu elfu kumi na mbili, kila mmoja kwa sauti ile ile ya uhakika, na wote watatu wakapigiwa makofi. Tofauti baina ya wa kwanza na wa tatu ni aina elfu mbili. Lau mweka hazina wa tawi angetofautiana na daftari lake kwa kiasi hicho, asingelala nyumbani kwake.

Na tulipime hilo neno la elfu kumi na mbili. Mwaka 1948 ulianzishwa mradi mkubwa wa kuandika mimea yote ya mwitu ya Afrika ya Mashariki, yaani ya Tanganyika na Zanzibar, ya Kenya na ya Uganda, na kazi ikaongozwa kutoka Bustani ya Kew iliyoko London. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952. Walioianza kazi walidhani wataimaliza kwa miaka kumi na mitano. Ilimalizika mwaka 2012. Waandishi wake walikuwa zaidi ya mia, kutoka nchi nyingi, na wengi wa wale wa mwanzo hawakuwa hai kuuona mwisho. Hesabu yao ilifika aina 12,104 kwa nchi zote tatu kwa pamoja, na ndani yake zimo hata jamii za kangaga, ambazo hazitoi ua hata moja. Basi anayedai ya kuwa Tanzania peke yake ina aina elfu kumi na mbili za mimea ya mwitu itoayo maua, bila ya kujua anadai pia kwamba katika Kenya yote na Uganda yote, tangu Turkana hata Ruwenzori, haipatikani mimea hata mia mbili ambayo sisi hatunayo. Jambo hilo haliwezekani. Taarifa zinazosema "zaidi ya elfu kumi" zina adabu zaidi, maana zinakiri ya kuwa hili ni kadirio.

Wala neno hilo la mimea ya maua lisiwadanganye wasomaji wetu wakadhani twazungumza habari za waridi na asumini. Mtaalamu akisema mmea wa maua ana maana ya kila mmea ufungao mbegu zake ndani ya tunda. Mhindi shambani ni mmea wa maua. Mtama, mbuyu, mpingo, mnazi, nyasi alazo ng'ombe wa Shinyanga, na hata magugu yaliyoota kando ya mifereji ya Kariakoo, yote yamo. Kwa hiyo anayeuliza idadi ya mimea ya maua anauliza idadi ya karibu kila kitu kinachotulisha, kinachotujengea na kinachotutibu.

Lakini kwa nini hesabu hii iwe ngumu? Mmea haukimbii, haujifichi kwa karani, wala hauhami usiku. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twakumbuka asubuhi moja mwalimu alipotutuma tuchume maua yote tutakayoyaona baina ya bweni na mto. Tulirudi na magunia. Akatuamuru tuyagawe mafungu mezani, kila aina fungu lake, kisha tuhesabu. Kundi moja likapata mafungu thelathini, na jingine, kwa maua yale yale ya njia ile ile, likapata hamsini. Tukagombana sana. Mwalimu akacheka akasema kwamba hesabu zetu zote mbili ni sahihi, tulichotofautiana ni kugawa. Wakati ule tulimwona kuwa ametukwepa. Leo twajua ya kuwa alitupa elimu yote ya jambo hili kwa maneno machache.

Chukueni mfano wa ua dogo la urujuani la Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo hukaa madirishani katika nyumba za dunia nzima, na limewatajirisha wafanya biashara ambao hawajui hata Lushoto iko wapi. Je, katika milima yetu kuna aina ngapi za maua hayo? Katika miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu mmoja wa Uingereza, B. L. Burtt, aliyagawa yakafika aina zipatazo ishirini. Mwaka 2006 kitabu cha ule mradi wa Afrika ya Mashariki kikasema ni aina sita tu, na nyingine ni matawi ya aina moja. Mwaka 2015 wataalamu wengine wakaliondoa jina la Saintpaulia lenyewe, wakayatia maua hayo katika kundi kubwa liitwalo Streptocarpus, wakahesabu kumi. Ishirini, sita, kumi! Wala hapana ua lililozaliwa au kufa kwa sababu ya maandiko hayo. Ni yale yale, juu ya miamba ile ile yenye umande.

Hapo pana jambo moja la hesabu; la pili ni la majina. Mmea mmoja waweza kupewa jina na Mjerumani, akaja Mwingereza akaupa jingine kwa kuwa hakuisoma karatasi ya Mjerumani, na Mfaransa akaongeza la tatu. Orodha ya dunia iliyotolewa mwaka 2021 na Bustani ya Kew ilikusanya majina zaidi ya milioni moja na laki tatu, na baada ya kuyachambua ikabakiza aina 342,953 tu zinazokubaliwa. Mwenye kuhesabu majina badala ya mimea atakuwa amemhesabu mtu mmoja kwa jina lake la ubatizo, la ukoo na la utani. Lugha yetu nayo ina mtego wake. Mswahili akisema mgunga aweza kuwa na maana ya miti mingi tofauti, na mti mmoja una jina lake kwa Wasambaa, jingine kwa Wagogo, jingine kwa Wamakonde. Kule Amani, P. J. Greenway alitunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937. Tangu hapo nchi imepata Uhuru, Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa na ya Bunge, na sisi bado twaitafuta kamusi ya mkoloni tukitaka kujua jina la mti ulioko nyuma ya nyumba zetu. Tunalisema hili bila ya kumdharau marehemu. Alifanya kazi yake.

La tatu ni la wageni. Mkonge si mwenyeji hapa. Uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, miche yake ikitoka Florida kwa njia ya Ujerumani, na katika miche elfu moja ilifika hai sitini na miwili. Mkorosho ulitoka Amerika ya Kusini, mwembe na mwarobaini Bara Hindi, mkarafuu visiwa vya mashariki ya mbali. Je, tuihesabu? Mwenye kuhesabu mimea ya mwitu ataiacha iliyopandwa na kuihesabu iliyotoroka shambani ikazaana yenyewe porini. Uko hata mti ambao ni mwenyeji Kagera na mgeni Usambara: Maesopsis ulipandwa milimani Amani zamani za ukoloni, na baadaye ukaingia msituni wenyewe ukawasonga wenyeji. Katika orodha ya taifa ni mwananchi, katika orodha ya Usambara ni mvamizi. Kila msemaji atakayetaja idadi hana budi aseme kwanza amehesabu nini, lakini ni nadra kumsikia afanyaye hivyo.

Tukiacha hayo, twafika kwenye neno linalotuuma sisi zaidi, nalo ni hili: daftari la mimea yetu limewekwa wapi, na nani ameshika kalamu?

Kila aina ya mmea iliyopewa jina lazima iwe na kielelezo chake, yaani tawi lililokaushwa, likabandikwa kwenye karatasi na kuandikwa lilichumwa wapi, lini na nani. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha mmea. Vyeti hivyo huwekwa katika jumba liitwalo hebaria. Wajerumani walipoitawala nchi hii walianzisha chuo cha utafiti Amani mwaka 1902, lakini vielelezo vingi vilivyokuwa vya kwanza na vya lazima walivipeleka Berlin. Mwezi wa Machi, 1943, mabomu ya vita yaliliangukia jumba lile, na sehemu kubwa ya vielelezo ikateketea. Fikirini, ndugu wasomaji! Vita si vyetu, mji si wetu, na mabomu hatukuyatupa sisi, lakini katika moto ule viliungua vyeti vya mimea ya Uluguru na Lindi. Mpaka leo mtaalamu anayetaka kujua jina fulani la zamani lilikuwa la mmea gani hujikuta akishika nakala, au mchoro, au maneno matupu. Mkusanyo wa Amani nao ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, kwa sababu ndivyo wakoloni walivyoona inafaa.

Hatuandiki haya ili kuwafundisha wasomaji kununa. Wataalamu wa nje walifanya kazi kubwa, na waliotembea nao milimani, waliobeba mizigo, waliopanda miti kuchuma matawi na kukausha karatasi mvuani, walikuwa watu wetu. Wachache kati yao majina yao yamebaki. Jina la Ndugu Leonard Mwasumbi, mkusanyaji mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limewekwa katika kundi zima la miti lililotangazwa mwaka 2009, nalo huitwa Mwasumbia. Hilo ni jina la Mtanzania katika vitabu vya dunia, na twadhani watoto wetu wangefurahi kulisikia darasani. Wengine wengi wameandikwa "mwenyeji" tu, au hawakuandikwa.

Na wenyeji walijua mengi ambayo daftari halikuyajua. Kina mama wa pwani wamejipamba kwa ua la kilua vizazi na vizazi, wakalitia nguoni na nyweleni kwa ajili ya harufu yake. Ulimwengu wa elimu uliupa mkilua jina mwaka 1970, ukauita Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye harufu nzuri. Bibi zetu wangeweza kuyasema hayo bila ya darubini. Juzi juzi tena, mwaka 2025, ulitangazwa mti mpya wa milima ya Udzungwa, Tessmannia princeps. Msomaji asidhani ni kimmea kilichojificha chini ya jiwe. Ni jitu la mti lenye urefu wa mita zipatazo arubaini, na wataalamu wamekadiria kwamba baadhi ya miti hiyo huenda imeishi miaka elfu mbili au zaidi. Mtaalamu wa Kiitalia aliyeuandika aliongozwa na wenyeji waujuao msitu, na mahali pamoja unapoota ni hifadhi ya msitu wa kijiji cha Uluti. Mti huo ulikuwako Wareno walipofika pwani, ukawako Wajerumani walipopita, ukawako tulipopata Uhuru, na katika hesabu zote zilizotangazwa haukuwamo.

Basi kama jitu la namna hiyo laweza kukosa kuandikwa mpaka mwaka 2025, ni mangapi madogo yaliyokosa? Hapa ndipo elimu ya makadirio inapoanza, na yafaa mfanyakazi aijue, maana haina uchawi. Mfikirieni mtu akaaye penye soko la samaki la Feri na daftari, akiandika kila aina ya samaki anayoiona. Siku ya kwanza ataandika aina mpya nyingi. Siku ya kumi zitakuwa chache. Siku ya mia labda moja, labda hata hiyo isionekane. Akiona mpya zimekwisha, ajua ya kuwa amekaribia mwisho. Akiona zinazidi kuja, ajua ya kuwa baharini kumebaki nyingi. Anne Chao, mtaalamu wa takwimu wa Taiwan, alionyesha mwaka 1984 njia ya kulipima jambo hilo kwa hesabu nyepesi. Tuseme msitu mmoja umeandikwa aina 200 za mimea, na katika hizo 40 zimeonekana mara moja tu, na 20 zimeonekana mara mbili tu. Zidisha 40 kwa 40, upate 1,600. Gawanya kwa mara mbili ya zile 20, yaani 40. Jibu ni 40. Ndizo aina ambazo kwa uchache hazijaonekana bado, na msitu ule una 240 au zaidi. Siri yake ni hii: vikiwa vingi vilivyoonekana mara moja tu, basi viko vingine ambavyo havijaonekana hata hiyo mara moja.

Njia hii ni nzuri, lakini yategemea mtu aende msituni. Ramani ya waliochuma mimea katika nchi yetu inafanana sana na ramani ya reli, barabara na vituo vya misheni. Amani imechumwa mno. Mahali pengi pa kusini na magharibi pamepitiwa kwa haraka, au havijawahi kupitiwa na mtu mwenye karatasi ya kukaushia. Mwenye kukadiria idadi ya nchi nzima kwa vielelezo vya kando ya barabara ni sawa na mwenye kukadiria wakazi wa mkoa kwa kuwahesabu abiria wa basi.

Tena iko kazi nyingine ambayo haihitaji hata safari. Mwaka 2010 watafiti walichunguza jinsi mimea mipya ya dunia ilivyopata kutangazwa, wakaona kwamba ni asilimia 16 tu iliyotangazwa katika miaka mitano tangu ichumwe. Karibu robo ilihusu vielelezo vilivyokaa rafuni zaidi ya miaka hamsini. Kwa makadirio yao zaidi ya nusu ya mimea ya dunia ambayo bado haina jina imekwisha kuchumwa, nayo imelala katika makabati ikingoja mtu mwenye elimu ya kuitambua. Mmea umechumwa, umekaushwa, umebebwa kichwani kutoka mlimani, kisha unangoja nusu karne kwa kukosa mfanyakazi mmoja!

Twajua ya kuwa wako watakaosema: nchi yenye shule zenye upungufu wa madawati itahesabuje majani? Swali hilo ni la haki, nasi hatupendi kulijibu kwa maneno matamu ya utalii. Tutalijibu kwa mkonge. Katika miaka ya kwanza ya 1930 palionekana huko Amani mkonge wa rangi ya samawati uliokuwa ukiota kati ya mimea mingine ya jamii yake. Mtu asiye na jicho angepita. Uliangaliwa, ukalinganishwa, ukaonekana kuwa ni aina nyingine, na mwaka 1933 ukapewa jina la Agave amaniensis. Baadaye watafiti wa Mlingano, karibu na Tanga, wakauzalisha pamoja na mkonge wa aina nyingine, wakapata ile mbegu iitwayo 11648, ambayo hutoa majani mengi zaidi kabla ya kutoa mlingoti. Mbegu hiyo imelishwa katika korona za Tanga, na imevuka bahari ikawa msingi wa mashamba ya China. Kila mkata mkonge aliyepata ujira kwa mbegu ile alilishwa, kwa sehemu, na mtu aliyekaa chini akasema: huu si sawa na ule.

Na kama mkonge hautoshi, iko kahawa. Mwaka 2004 ilitangazwa aina mpya ya mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, kutoka korongo la mto Kihansi, mahali pale pale ambapo bwawa na mitambo ya umeme vilikuwa vimekwisha kujengwa. Taifa lilihitaji umeme, na bado lauhitaji. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Lakini yule chura mdogo wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, na mbuni ukapata jina baada ya mitambo kuzunguka. Huo si utaratibu wa mwenye nyumba. Utafiti wa mwaka 2019 ulisema kwamba kati ya aina 124 za mibuni ya mwitu duniani, asilimia 60 imo hatarini, na wakulima wetu wa Kilimanjaro, Mbinga na Kagera wanajua jinsi magonjwa na ukame unavyoisumbua ile michache tunayoilima. Kinga ya ugonjwa wa kesho yaweza kuwa ndani ya mbuni mmoja wa korongoni ambao hakuna aliyeuhesabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka mradi mkubwa upimwe athari zake kabla haujaanza. Lakini apimaye athari kwa mimea isiyo na majina atapima nini? Ataandika kwamba pana "vichaka", na trekta litaingia. Huko Lindi na Kilwa ulikuwako mti mmoja wa maua mekundu, Erythrina schliebenii, uliochumwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Ukaonekana tena mwaka 2001, na mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaufikia tena, miti mikubwa isiyofika hamsini. Mti huo haukuwa umetoweka. Sisi ndio tuliokuwa hatuko. Lakini shoka moja la siku moja lingeweza kuifanya ile taarifa ya 1998 kuwa kweli.

Kwa hiyo twasema waziwazi kwa wanachama walioko Bungeni na katika halmashauri: fedha za kuhesabu mimea zisiwe ni makombo ya mfadhili. Tunayo Hebaria ya Taifa huko Arusha, tunayo ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, na ya misitu huko Lushoto. Majumba hayo yaulizwe kila mwaka kama tunavyoiuliza bohari ya dawa: mna vielelezo vingapi, vingapi havijatambuliwa, mna watambuzi wangapi, na nani atashika kazi wakistaafu? Mtambuzi wa mimea hafundishwi kwa semina ya siku tatu. Huchukua miaka mingi ya kukaa na mwenye kujua, kama fundi seremala na mwanafunzi wake, na mzee mmoja akiondoka bila ya mrithi, hapana pesa ya kuinunua elimu iliyoondoka naye. Vijana wanaotaka kazi hiyo wapo. Tunaowanyima ni sisi. Na orodha ya taifa itakapotolewa, itolewe kwa Kiswahili, kila mmea na majina yake ya wenyeji na mkoa ulikoonekana, ili karani wa kijiji aweze kuisoma na kusema: huu umeuandika vibaya, kwetu hauitwi hivyo.

Vijiji navyo visingoje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimewapa wananchi uwezo wa kuwa na misitu yao wenyewe, na Uluti imeonyesha kilichomo ndani yake. Katika kila tawi la Chama mko wazee ambao wakipita msituni hutaja miti mia bila ya kusita. Waandikwe wao kwanza, na majina yao yawekwe kando ya mimea waliyoitaja, si neno "mwenyeji".

Nao wenye hamu ya kuanza, kazi yenyewe ni rahisi. Msiguse mmea ulio peke yake, wala msiingie hifadhi bila ruhusa. Panapo mingi, kateni tawi lenye jani na ua, au jani na tunda, maana jani tupu halimsaidii mtambuzi. Lilazeni ndani ya gazeti kavu, gazeti jingine juu, kisha mbao mbili na jiwe zito. Badilisheni magazeti kila siku mpaka tawi likauke, likivunda halifai tena. Andikeni kwa penseli, kwa kuwa wino hutawanyika: jina la mahali, kijiji na wilaya, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, kimo cha mti, jina lake kwa lugha ya hapo, hutumika kwa nini, na jina la aliyechuma. Kisha pelekeni Arusha au Chuo Kikuu. Gazeti hili, mkiisha kulisoma, upana wake watosha matawi mawili.